Kwa nini tunazipenda filamu za noir mamboleo na bado tunaona haya kuzitaja?

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nikipitia nyuzi za filamu humu, naona kwamba mtu akiulizwa anapenda nini hutaja zile zilizonyakua tuzo au zenye kufundisha historia, ilhali usiku, watoto wakishalala, anairudia *Body Heat* au *Basic Instinct* au *Wild Things* ambayo alikwisha kuiona mara kadhaa, na kesho yake kazini hamwambii mtu. Nami nimo katika kundi hilo, tena si mgeni. Ningependa tujadili kwa kina utamu huo unatoka wapi, na haya inayoandamana nao inatoka wapi, kwa maana naamini vyote viwili vina mzizi mmoja. Natahadharisha mapema kwamba nitasimulia miisho ya filamu; asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa.

Kwa wasiofahamu, noir ni jina ambalo wahakiki wa Ufaransa walilitumia mwaka 1946 kuzitaja filamu za uhalifu za Hollywood zilizowafikia kwa mkupuo baada ya vita: vivuli vizito, barabara zenye mvua, na mwanamume mwenye akili ya kutosha kupanga kosa lakini isiyotosha kulimaliza. Noir mamboleo ni kizazi kilichofuata, hasa kuanzia miaka ya 1970, chenye rangi badala ya weusi na weupe, na chenye uhuru wa kuonyesha yale ambayo wazee wake waliyaashiria kwa moshi wa sigara tu.

Jibu la haraka ni kwamba watu wanafuata miili na damu. Silikubali. Mwenye kutaka miili ana pa kuipata bila kuvumilia saa mbili za mazungumzo kuhusu bima na mirathi, na damu ni nyingi zaidi katika filamu yoyote ya vita. Hoja yangu ni kwamba filamu hizi zinatufanya tuwe washiriki wa njama. Zinatuvuta upande wa mkosaji kwa hila za ufundi ambazo hatuzitambui mpaka tumeshavuka, na raha tunayoipata ni raha ya mtu anayetaka jambo ovu lifanikiwe huku akijua kwamba ni ovu.

Chukueni *Double Indemnity*, ambayo haimo katika kundi la mamboleo lakini ndiyo iliyoyazaa yote. Billy Wilder aliiongoza mwaka 1944, akiiandika pamoja na Raymond Chandler kutokana na riwaya ya James M. Cain. Wakala wa bima, Walter Neff, na mke wa mteja wake, Phyllis Dietrichson, wanapanga kumuua mume ili mke alipwe fidia maradufu kwa kifo cha ajali ya treni. Neff anajificha nyuma ya kiti cha gari na kumuua mume njiani huku kamera ikibaki usoni mwa Phyllis anayeendesha. Halafu anapanda treni kwa mikongojo akijifanya ndiye marehemu aliyevunjika mguu, anaruka, na wote wawili wanaulaza mwili kwenye reli. Mpaka hapo mtazamaji mwadilifu anaweza kujidai kwamba anashuhudia uovu tu. Kisha wanarudi garini, Phyllis anawasha, na injini inagoma. Anajaribu tena, inakoroma na kuzimika. Wanatazamana. Neff anaunyosha mkono polepole mpaka kwenye ufunguo, na sisi sote tuliokaa sebuleni tunaiombea injini iwake.

Hapo ndipo tunapokamatwa. Injini inawaka, tunashusha pumzi, na hakuna hata mmoja wetu anayemkumbuka mtu aliyelazwa relini.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba jambo hilo hilo lilikuwa limekatazwa kwa maandishi. Kanuni za utengenezaji wa filamu zilizofahamika kwa jina la Will Hays, zilizopitishwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934 na ofisi ya ukaguzi ya Joseph Breen, ziliagiza kwamba huruma ya watazamaji isielekezwe kamwe upande wa uhalifu, uovu au dhambi. Wilder alitii kila kilichohusu mwisho: wapenzi wanapigana risasi, na Neff anakiri yote kwenye mashine ya kurekodia sauti ofisini kwake. Alikuwa amepiga hata tukio la Neff kuuawa katika chumba cha gesi, kisha akaamua kuliondoa. Lakini kwa sekunde zile chache za ufunguo, huruma yetu yote ilikuwa upande uliokatazwa, na mkaguzi hakuwa na kipande cha kukata, kwa sababu kwenye picha hakuna kinachoonekana isipokuwa watu wawili ndani ya gari linalosumbua. Alfred Hitchcock alitumia hila ya jamii hiyo mwaka 1960 katika *Psycho*, pale gari lenye maiti linapozama kwenye kinamasi, likasita katikati, nasi tukasita pamoja na kijana aliye ukingoni.

Mwaka 1968 kanuni zile ziliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Wengi husema kwamba kilichobadilika ni uhuru wa kuonyesha utupu. Mimi naona kilichobadilika zaidi ni nani anayebeba lawama. Zamani mwisho wa filamu ulikuwa unatusafisha: ulimpenda mwovu kwa saa moja na nusu, dakika kumi za mwisho zinamnyonga, unatoka ukumbini ukiwa umetubu bila kufungua mdomo. Noir mamboleo haina kazi hiyo ya kutusafisha.

Ndiyo maana *Body Heat* ya mwaka 1981 naiweka mbele ya nyingine. Ni filamu ya kwanza kuongozwa na Lawrence Kasdan na ya kwanza kwa Kathleen Turner. Ned Racine, wakili wa kiwango cha chini katika mji mdogo wa Florida, anakutana na Matty Walker, mke wa tajiri. Usiku mmoja Matty anamtoa nje, anafunga mlango, na kusimama ndani bila kuondoka, akimtazama kupitia kioo. Ned anazunguka baraza, anajaribu mlango huu na dirisha lile, na kila anapotokea anamwona mwanamke yule amesimama palepale. Mwishowe anainua kiti cha barazani na kuvunja kioo. Muziki wa John Barry umeshapanda, na mtazamaji aliyekuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema "usiingie" anajikuta anamwona Ned anachelewa. Na joto lile ambalo kila mtu analilalamikia katika filamu, jasho lile lisilokauka, lilitengenezwa: picha zilipigwa Florida wakati wa baridi isiyo ya kawaida, waigizaji wakanyunyiziwa maji na kufyonza barafu ili mvuke wa pumzi usionekane kwenye kamera.

Wawili hao wanamuua mume kwa ajili ya mali yake. Mwishoni Ned yuko gerezani, na Matty yuko ufukweni, nchi ya joto, na fedha zake. Mwaka 1944 mwisho huo usingepitishwa. Naomba mawazo yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Naunga mkono hoja, ila naomba niongeze upande wa hapa nyumbani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Ukiingia umechelewa, swali la kwanza unalomwuliza jirani ni stelingi ni yupi, na ukishaonyeshwa unatulia, maana hata akipigwa risasi tatu unajua atainuka. Filamu za namna anayoieleza mleta uzi zilikuwa zinaingia kwa bahati mbaya, ndani ya kanda moja na za ngumi, na zilikuwa zinaharibu ukumbi. Watu walilalamika kwamba stelingi ni mjinga, anadanganywa na mwanamke, na filamu imekwisha adui hajapigwa. Watafsiri wetu wa sauti, hata mahodari wa daraja la Lufufu, waling'ara kwenye mapambano. Sidhani kama kuna aliyeweza kuufanya ukumbi wa watu themanini usubiri kwa hamu maelezo ya hati ya bima. Na pale penye mambo ya chumbani, mwenye video alikuwa anapeleka mbele, hivyo tulitoka tumeona nusu ya filamu na kukosa hata ile nusu iliyokuwa inaeleza kisa.

Kwa hiyo naona noir mamboleo ni filamu za kutazamwa peke yako, na labda haya tunayoizungumzia inatokana na upweke huo kuliko na njama.

Mleta uzi

Mkuu, hili la stelingi limenipa njia rahisi ya kusema nilichotaka kusema. Katika filamu za ngumi, kumjua stelingi ni kujua pa kuweka moyo wako, na filamu inakuhakikishia kwamba umeuweka mahali salama. Noir mamboleo inakuficha stelingi, au inakupa wa uongo. Ndani ya *Body Heat* tunaamini kwa muda mrefu kwamba stelingi ni Ned kwa sababu yeye ndiye tunayemfuata, halafu katika dakika za mwisho tunagundua kwamba filamu ilikuwa ya Matty tangu mwanzo na sisi tulikuwa tunaitazama kupitia macho ya chombo chake.

John Dahl alikwenda mbali zaidi katika *The Last Seduction* ya mwaka 1994. Linda Fiorentino anaigiza Bridget, mwanamke anayemwibia mumewe fedha za mauzo ya dawa za kulevya, dola laki saba, akakimbilia mji mdogo karibu na Buffalo, na huko akampata kijana mwema anayetamani kuonekana mtu wa mji mkubwa. Humo hakuna kuficha: mwizi ndiye stelingi, tunamfuata yeye, tunajua anachokipanga, na kila mwenye huruma katika filamu ile anatuchosha kidogo. Yule kijana anapomwuliza maswali ya mapenzi, unamwonea huruma kwa kichwa na kumchoka kwa moyo. Anayebaki hai na huru mwishoni ni Bridget, na anaichoma karatasi ya mwisho ambayo ingeweza kumfunga akiwa amekaa nyuma ya gari la kifahari. Filamu hiyo ilionyeshwa kwanza kwenye televisheni ya kulipia, HBO, na kwa sababu hiyo Fiorentino hakuruhusiwa kushindania tuzo ya Oscar, ingawa wahakiki wengi walimtaja. Nasema bila kusita kwamba ndiye mwigizaji bora wa kike wa mwaka ule.

Kuhusu upweke, sikatai. Ila Wamarekani wa mwaka 1944 walizitazama kumbini, mamia kwa pamoja, na injini ya Phyllis iliwashika vilevile.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni wakili, na nimesubiri kwa miaka mtu aitaje *Body Heat* ili niseme kwamba filamu ile imebebwa na kifungu cha sheria. Mleta uzi amekimbilia kiti na kioo akaacha sehemu tamu kuliko zote.

Matty hataki kugawana mali na mtoto wa dada wa mumewe, ambaye wosia halali unampa sehemu. Baada ya mauaji unaibuka wosia mpya, umeandikwa kwa karatasi za ofisi ya Ned, na unamwongezea mtoto yule fungu. Ned anausikia kwa mara ya kwanza akiwa kikaoni, mbele ya wakili wa marehemu, dada wa marehemu na mwendesha mashtaka ambaye ni rafiki yake, na analazimika kukaa kimya na kukubali kwamba ni kazi ya mikono yake, kwa sababu akiukana atalazimika kueleza mengine. Kisha wakili yule mwenzake anaeleza kwa upole, kwa aibu ya kumwumbua mwanataaluma mbele za watu, kwamba wosia ni batili kwa kuwa umekiuka kanuni inayozuia mali kufungwa kwa vizazi visivyo na kikomo. Wosia ukianguka, marehemu anahesabiwa kuwa amekufa bila wosia, na kwa sheria ya Florida kama inavyoelezwa pale, mjane anachukua vyote. Matty alikuwa anafahamu kwamba Ned aliwahi kuboronga wosia wa mteja mwingine, na alimchagua kwa udhaifu huo hasa. Wosia uliobatilika ulikuwa wa kuaminika kwa sababu jina la Ned lilikuwa chini yake.

Kanuni yenyewe tuliirithi kutoka Uingereza sote tuliotawaliwa naye, na Kenya mpaka leo ina sheria maalumu inayoishughulikia. Kwa ufupi inataka haki katika mali iwe imethibitika ndani ya miaka 21 baada ya kufa mtu aliyekuwa hai wakati mali ilipotolewa. Ukiisoma mara ya kwanza unaona ni nyepesi, ukiitumia unalia. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika shauri la *Lucas dhidi ya Hamm*, kwamba wakili aliyekosea kanuni hiyo hakuwa mzembe, kwa kuwa ni ngumu kiasi kwamba hata wakili wa uangalifu wa kawaida angeweza kuikosea. Kwa hiyo mtu wa taaluma yangu anapoitazama filamu ile, haya anayoiona si ya chumbani. Nimecheka katika kikao kile kila mara, nikijua kwamba mtu ameuawa na mtoto anadhulumiwa, kwa sababu tu hila ni safi.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma wote kwa makini, kaka zangu, na nina neno. Mnazungumza kuhusu hila, ufunguo na wosia, na mnaendesha mjadala kana kwamba wanawake katika filamu hizi walitoka hewani. Chanzo cha hadithi yenu kuu ni mwanamke halisi. Mwaka 1927, New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wake, aliyekuwa na bima ya maisha yenye kipengele cha fidia maradufu. Wote wawili waliuawa katika kiti cha umeme Januari 1928, na mpiga picha wa gazeti moja aliingia chumba kile na kamera ndogo aliyoifunga kifundoni mwa mguu, akapiga picha ya mwanamke yule wakati umeme unapita. Siku iliyofuata picha ilijaza ukurasa wa mbele. Gray naye alikufa usiku uleule, lakini aliyetafutwa kwa kamera ni Snyder. Cain alitoa riwaya yake katika kisa hicho, na tangu hapo mwanamke wa noir amekuwa mtego wenye miguu mizuri.

Njooni kwenye *Basic Instinct* ya mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla, ilipokuwa inapigwa San Francisco, wanaharakati waliandamana kwa sababu watu wa mapenzi ya jinsia moja walionyeshwa kama wauaji. Na Sharon Stone, katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 2021, ameeleza kwamba tukio lile la chumba cha mahojiano ambalo dunia nzima inalijua lilipigwa baada ya kuambiwa avue nguo ya ndani kwa sababu ilikuwa inaakisi mwanga, na kwamba aligundua kuwa utupu wake umeonekana pale tu alipoonyeshwa filamu pamoja na watu wengine chumbani. Mwongozaji Paul Verhoeven ameyakanusha maelezo hayo. Lakini ninyi mnapoirudia kanda usiku, mnakuwa washiriki wa njama ipi? Ile ya Catherine Tramell, mhusika wa Stone, dhidi ya polisi, au ile iliyomfika mwigizaji?

Mleta uzi

Dada yangu, swali hilo ndilo lililokosekana katika bandiko langu la kwanza, na nalijibu hivi. Kuna lawama iliyomo ndani ya hadithi, ambayo mtengenezaji ameipanga na mtazamaji anaionja kwa hiari: kuiombea injini iwake, kuucheka wosia. Na kuna lawama iliyo nje ya hadithi, iliyomfika mtu mwenye mwili na jina, ambayo hakuna aliyeipanga ili iwe burudani. Ya kwanza ndiyo ninayoitetea. Ya pili haina utetezi, na kwa upande wangu, tangu niliposoma maelezo ya Stone, tukio lile limekufa. Naliona chumba, taa na wanaume watano wanaotoka jasho, na ninafikiri juu ya mwanamke aliyeketi bila kuambiwa.

Hata hivyo nina shaka na hukumu ya jumla kwamba mwanamke wa noir ni mtego tu. Katika filamu za ngumi tulizokulia, mwanamke alikuwa wa kutekwa ili aokolewe. Katika noir mamboleo yeye ndiye mwenye mpango, ndiye anayesoma sheria, ndiye anayejua thamani ya kila mtu aliye chumbani. Ndiyo, mpango wenyewe ni uovu, na ndiyo, ulibuniwa zaidi na hofu za wanaume walioandika. Lakini tazama wanaume wanaomzunguka Matty: mume ni mfanyabiashara mchafu, Ned ni mvivu na mzinzi. Mwenye akili timamu kuliko wote ni yule mchoma majengo kwa malipo aliyeigizwa na Mickey Rourke, anayemwonya Ned waziwazi kwamba kila kosa la jinai lina njia hamsini za kuharibika na kwamba yeye hana akili ya kuziona hata nusu. Wanawake ninaowafahamu wanaoipenda filamu ile wanampenda Matty kwa kushinda kwake.

Mchangiaji wa tatu

Hapo tunakaribiana, ingawa si kabisa. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa *The Last Seduction*, na ndiyo maana nilikasirika. Bridget hasingiziwi kuwa na utoto wa mateso ili asamehewe, na kamera haimwadhibu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba zote ni daraja moja. Kuna filamu inayomtazama mwanamke anavyofikiri, na kuna inayomtazama tu.

Mchangiaji wa nne

Nashangaa uzi umefika hapa bila *Chinatown*. Mwaka 1974, Jack Nicholson na Faye Dunaway, maji ya Los Angeles yanaibwa wakati wa ukame ili wakubwa wanunue ardhi kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo kilele cha noir mamboleo, na haina aibu yoyote.

Mleta uzi

Umejijibu, mkuu. *Chinatown* haina aibu, na kwa hiyo iko nje ya mada. Naiheshimu mno: kisa chake kimeegemea historia halisi ya jiji lile kuvuta maji kutoka Bonde la Owens kwa mfereji uliokamilika mwaka 1913. Lakini humo hatutaki mkosaji ashinde hata dakika moja. Noah Cross, mkosaji mwenyewe na baba wa mhusika wa Dunaway, aliyeigizwa na John Huston, anatutia kichefuchefu. Mwandishi Robert Towne alitaka mwanamke ampige baba yake risasi na kunusurika, mwongozaji Roman Polanski akashikilia mwisho ule mweusi ambamo mwanamke ndiye anayeuawa, na matokeo yake ni filamu inayomwacha mtu na huzuni safi. Nimeona watu wakiitaja *Chinatown* ili kuwaingiza jamaa zao wengine mlangoni, kama mtu anayekuja harusini na mjomba wake shekhe. Tusifanye hivyo. *Wild Things* haina mjomba shekhe na haimhitaji.

Mchangiaji wa tano

Nawaandikia kutoka Mombasa. Wengi wetu huku tuliipata *Body Heat* kupitia mlango wa India: *Jism* ya mwaka 2003, Bipasha Basu na John Abraham, wakili mlevi na mke wa tajiri, kisa kilekile kasoro kanuni ya wosia. Angalieni tofauti ya mwisho. Mwanamke wa *Jism* haendi ufukweni na fedha. Wote wawili wanakufa, na kijana anatubu kwa rafiki yake polisi akiwa anavuja damu, kama Neff na mashine yake. Filamu ilitoka zaidi ya miaka thelathini baada ya kanuni za Hollywood kufutwa, na bado imeadhibu kama mwaka 1944. Nilipokuwa kijana mwisho huo uliniruhusu kuitazama na dada zangu sebuleni bila mama kuzima televisheni, alikuwa anasema "umeona mwisho wao?" na sote tunaitikia.

Na kwa wanaodhani jambo hili ni la Wazungu na Wahindi tu, kuna *Viva Riva!* ya Djo Tunda Wa Munga, Kinshasa, mwaka 2010. Jiji halina petroli, Riva anarudi kutoka Angola na shehena ya wizi, anamtamani Nora ambaye ni mwanamke wa jambazi mwingine, na nyuma yake Waangola wanamfuata. Ilitwaa tuzo za filamu bora na mwongozaji bora katika Africa Movie Academy mwaka 2011. Foleni za mafuta mle ndani hazikuhitaji maelezo kwa mtu wa kwetu, na labda ndiyo sababu nilimwombea Riva auze haraka, nikijua kila lita imeibwa.

Mleta uzi

Asante sana, ndugu. Maneno ya mama yako yanaeleza kazi ya kanuni za Hays vizuri kuliko nilivyoieleza mimi: mwisho wenye adhabu ni leseni ya kutazama katikati.

Nimeulizwa faraghani na watu kadhaa waanzie wapi. Nashauri *Blood Simple* ya ndugu Coen, mwaka 1984, iliyopigwa Texas. Mwenye baa anamlipa mpelelezi amuue mke wake na mpenzi wa mke; mpelelezi anatengeneza picha za uongo, anachukua fedha, kisha anampiga risasi mwenye baa mwenyewe. Mpenzi anamkuta, anadhani mke ndiye aliyefanya, na kwa mapenzi anaamua kusafisha damu na kuuondoa mwili ambao, kumbe, bado una uhai. Kuanzia hapo hakuna hata mhusika mmoja anayejua kilichotokea. Mtazamaji peke yake ndiye mwenye ukweli wote, na hana wa kumwambia. Dada aliyeandika hapo juu ataona kwamba mke, Frances McDormand, ndiye pekee asiyepanga lolote, na mpaka risasi ya mwisho anaamini anapigana na mumewe. Mpelelezi anayekufa upande wa pili wa mlango anamsikia akilitaja jina la mume, na anacheka.

Baada ya hapo nendeni *The Last Seduction*, halafu *Body Heat* mkiwa na wakili wetu karibu. *Wild Things* ya mwaka 1998 wekeni mwisho, na msizime majina yanapoanza kupanda. John McNaughton ameyakatiza kwa vipande vya matukio yaliyofichwa: nani alikutana na nani, nani aling'oa jino lake mwenyewe kwa koleo ili aonekane ameuawa, nani alikuwa na mpango wote tangu siku ya kwanza. Hadithi imekwisha, waliokufa wamekufa, na hakuna jema lolote lililobaki kuonyeshwa. Sijapata kumwona mtu anayeinuka kabla ya kipande cha mwisho, kwa sababu sote tunataka kukagua hesabu ya njama na kuridhika kwamba ilifungwa sawasawa.